Pima moja ya ukili: kisa cha bibi mwenye demensia na kazi aliyoijua

Bibi ninayemzungumzia hapa amevuka miaka 80. Alizaliwa kusini Unguja, upande wa Makunduchi, na sasa anaishi katika nyumba ya wazee kwenye mji mmoja wa Uingereza, ambako mimi nimeajiriwa kuratibu shughuli za mchana. Jina lake, jina la mji na mambo kadhaa ya ukoo wake nimeyaacha nje, na binti yake ameyasoma maelezo haya akaridhia yatolewe. Waswahili wengi tunafanya kazi ya kutunza wazee ughaibuni, na wengi zaidi tunatunza mama na bibi zetu majumbani Tanga, Lamu, Mombasa na Zanzibar. Maandishi tunayoyapata kuhusu demensia, hali ya ubongo inayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, husema sana juu ya dalili na dawa. Lile swali la mzee afanye nini kutwa nzima, tangu chai ya asubuhi hadi usiku, huachiwa kila mtu ajitafutie.

Mzee mwenyewe

Jalada lake lilikuwa na kila kitu cha mwili: shinikizo la damu, kisukari, magoti, dawa isiyomfaa, chakula asichokula. Mahali pa kazi paliandikwa "mama wa nyumbani". Binti yake ndiye aliyenieleza kuwa mama huyu aliwalea watoto wake kwa mikeka na kamba. Tangu usichana alichana ukindu, yaani majani ya mkindu, akauchemsha na rangi, akasuka ukili, ule utepe mrefu wa kusukwa, na kuushona mikeka na misala. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni miezi kwa miezi aliyafukua, akayaponda na kuyasokota kamba. Ukili aliuuza kwa pima, na kipimo chake kilikuwa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Fedha hizo ndizo zilizonunua madaftari ya shule.

Alihamia Uingereza miaka ya 1990 kumfuata binti yake, akiwa tayari mtu mzima, akafanya kazi katika dobi ya hoteli. Kiingereza alikiokota hukohuko dobini, kwenye basi na kwa daktari. Demensia ilipoingia, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Hilo huonekana mara nyingi kwa wahamiaji: lugha iliyoingia ukubwani hutoka mapema, ya utotoni hukaa. Kwake hata Kiswahili cha mjini kilianza kupungua, akazidi kuzungumza Kikae, lahaja ya kwao Makunduchi, ambacho mimi mtu wa Tanga hunibidi nitege sikio sana ndipo nikipate.

Madaktari walisema ana ugonjwa wa Alzheimer uliochanganyika na madhara ya mishipa midogo ya damu kwenye ubongo. Mchanganyiko huo ni wa kawaida kwa watu wa umri wake. Alzheimer, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa demensia.

Binti alimtunza nyumbani mpaka mama alipoanza kufungua mlango usiku wa baridi na kutoka miguu mitupu. Kumpeleka mama nyumba ya wazee ni neno zito kwetu, na maneno ya watu aliyasikia. Namwomba msomaji asianze kwa kumhukumu. Alikuwa na zamu za kazi, watoto wadogo, na mgongo uliokwisha kuumia kwa kumwinua mama bafuni. Kila Jumapili yuko pale, na bila yeye kisa hiki kisingekuwepo.

Kilichoandikwa kuwa usumbufu

Nilipoanza kazi katika nyumba ile nilikuta daftari la zamu limejaa habari za bibi huyu. Hatulii kitini. Anafumua mikono ya sweta yake mwenyewe. Anavuta nyuzi za kitambaa cha meza. Anachanachana karatasi za kufutia mikono, zinajaa sakafuni, akizuiwa anapiga mkono wa mtu. Alasiri analia na kutaka kwenda kwao kabla ya magharibi. Shughuli zote anakataa.

Hizo shughuli zilikuwa zipi? Picha za watoto za kupaka rangi. Bingo, ambayo nambari zake zilisomwa kwa Kiingereza. Mpira laini wa kurushiana. Na mfuko wa sufu ulioshonewa shanga na vifungo ili mikono ya mzee ipate cha kushikashika. Mifuko ya namna hii hufumwa na watu wanaojitolea, hugawiwa hospitalini na katika nyumba za wazee, na wapo inaowatuliza kweli. Yeye aliugeuza mara moja, akauweka mezani, akausukuma mbali. Daftarini ikaandikwa: hashiriki.

Ikafika mahali daktari akaulizwa kuhusu dawa ya kumtuliza. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa jambo hili ni la hatari na familia nyingi hazilijui. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyokadiria kuwa watu wapatao 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili kila mwaka, na kwamba dawa hizo ziliongeza vifo 1,800 hivi kwa mwaka. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka dawa hizi zibaki kwa yule anayeweza kujidhuru au kudhuru wengine, au mwenye mateso makali, na kabla ya hapo itafutwe sababu ya ile hali na mzee apewe shughuli zinazolingana na mapenzi yake. Daktari wetu aliufuata. Alimpima, akaona magoti yanamuuma kuliko alivyoweza kusema, akamwandikia dawa ya maumivu ya kumeza kwa saa maalumu, na akatuuliza sisi: mchana mnampa nini cha kufanya?

Jibu lilikuwa sakafuni. Zile karatasi alizokuwa "akiharibu" zilichanwa kwa urefu, kila kipande upana sawasawa na mwenzake, na zile asizotupa alizilaza mapajani zikielekea upande mmoja. Mtu aliyekulia pwani akiziona vizuri anajua kinachofanyika. Bibi alikuwa anatayarisha chane, vile vipande vyembamba vya kusukia ukili.

Kilichofanyika

Ukindu hatukuwa nao. Tulinunua rafia kwenye duka la vifaa vya kazi za mikono; hutoka kwenye majani ya miti ya jamii ya miwale na nyingi huletwa kutoka Madagaska. Ni laini kuliko ukindu na haina harufu yake. Kavu hupasuka vidoleni, kwa hiyo tuliilowesha kwenye beseni kama vile ukindu unavyoloweshwa, tukaikunja katika taulo ibaki na unyevu. Bila kulowesha kazi isingekwenda, maana mikono ya msukaji wa zamani hukataa malighafi mbovu hata kama mwenyewe hawezi kueleza kasoro iko wapi.

Mahali pa kukaa palitaka mawazo. Kwao husukwa chini, mkekani, miguu imenyooshwa. Magoti yake hayaruhusu. Tulimpa kiti cha chini chenye mikono na kigoda cha kunyooshea miguu, tukamweka karibu na dirisha, tukamtandikia kanga mapajani. Wakati tuliochagua ni asubuhi baada ya chai, akiwa amepumzika na dawa ya magoti imeshafanya kazi. Alasiri tuliiacha kabisa.

Halafu kuna namna ya kuanza, ambayo kwangu ndiyo roho ya kisa hiki. Kumuuliza mtu mwenye demensia "unakumbuka kusuka?" ni kumpa mtihani ambao atashindwa, na akishindwa atanuna au atalia. Nilikaa karibu yake na ukili niliouanza vibaya, nikamsalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nisaidie. Ukili wangu unakwenda upande."

Aliuchukua. Akaufumua wote bila kusema kitu, akazipanga chane upya, akaanza. Vidole vilikwenda polepole, kisha vikashika mwendo. Baadaye akanirudishia: "Kaza. Ukili wa kulegea haushoneki." Mtu ambaye kwa wiki nyingi aliandikiwa kuwa hashiriki alikuwa anafundisha kazi.

Haikuwa mteremko moja kwa moja. Kusuka kwenyewe alikuweza, ila chane ikikaribia kwisha na kutakiwa kuunga nyingine, alikwama. Aliitazama ile ncha fupi, akaivuta, akafadhaika. Kuunga kunataka uamuzi: ni chane ipi, iingie wapi, sasa hivi au baadaye kidogo. Kusuka kunataka mazoea tu. Tangu hapo aliyekaa naye alikuwa na kazi moja, kumwekea chane mpya kidoleni wakati wake ukifika, bila maneno. Mwanasaikolojia wa Marekani Cameron Camp, aliyezichukua mbinu za shule za Montessori, ambako mtoto hujifunza kwa kushika na kutenda, na kuzileta kwa wazee wenye demensia katika miaka ya 1990, alishikilia hoja hii: ivunje kazi hatua kwa hatua, mwachie mtu hatua anazoziweza, mshikie zile asizoweza, na umpe vitu halisi vyenye matumizi halisi. Sisi tulizigawa hivi: kutenga rangi, kulowesha, kusuka, kuunga, kuviringisha, kupima.

Kupima kulituletea faida ambayo hakuna aliyeipanga. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwagiza mazoezi ya kuinua na kunyoosha mikono ili mabega yasikaze, naye akiyakataa kila siku. Ukili ulipokuwa mrefu aliusimamisha mwenyewe, akanyoosha mikono yote miwili hadi mwisho, akahesabu pima moja, akaikunja, akanyoosha tena. Yule mtaalamu alisimama mlangoni akitazama, kisha akabadilisha mpango wake wa mazoezi.

Baada ya hapo wengine walianza kusogea. Wa kwanza ni bibi wa Kiingereza aliyekuwa mfumaji wa sweta maisha yake yote, naye ana demensia. Hawana neno hata moja wanaloelewana. Alivuta kiti, akatazama vidole, akanyoosha mkono, akapewa chane nne za kuanzia. Bibi yetu alimwongoza kwa kumshika vidole, akimsemesha Kikae, na yule akiitikia kwa Kiingereza. Wafanyakazi wa zamu nao waliketi kidogo wakipita, na kila aliyeketi alikosolewa. Akisuka, bibi huimba. Nyimbo nyingine ni za harusi, nyingine ni za maulidi, na siku aliyoanza za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, binti yake alikuwepo, akaziitikia.

Binti naye alipata kazi yake. Zamani Jumapili zake zilikuwa za maswali: mimi nani, mume wangu nani, umekula nini. Mama hakuweza, na binti alirudi nyumbani amevunjika. Tulimwomba alete sindano ya kushonea mikeka. Tangu hapo mama akisuka, au akishika tu kile kilichosukwa katikati ya wiki, binti anashona kili mbili ziwe moja, na mama anatazama mshono. Vitandiko vidogo vya meza vilivyotoka humo viko chumba cha kulia, na watu wanakula juu yake. Sikukubali vitundikwe ukutani kama maonyesho. Kitu kilichosukwa kitumike.

Kwa nini ilishika

Kwa upande wa ubongo maelezo yanajulikana vizuri. Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu sehemu inayoweka kumbukumbu za matukio: jana nilikula nini, nani alikuja. Ujuzi wa mikono uliorudiwa maelfu ya mara huhifadhiwa kwingine, katika sehemu za ndani na za nyuma za ubongo zinazosimamia mwendo, na huko ugonjwa huchelewa kufika. Ndiyo maana mtu aliyesahau jina la mwanawe anaweza kushona, kuswali rakaa zake, au kuimba wimbo mzima.

Ila hilo halitoshi. Kama ingekuwa ujuzi wa mikono tu, angesuka peke yake pembeni na ingekuwa sawa. Tulijaribu siku ambazo hapakuwa na mtu wa kukaa naye, tukamwachia beseni na chane: alisuka kidogo, akaacha, akarudi kwenye sweta. Alichokuwa amekosa ni nafasi. Katika nyumba ile alioshwa, alilishwa, alivalishwa, alipelekwa. Hakuna aliyemhitaji kwa jambo lolote. Ukili ulimpa watu wanaomhitaji, na ndiyo sababu naamini kuwa mfuko wa shanga ulishindwa na rafia ikafaulu, ingawa vyote viwili ni vitu vya kushika. Mfuko ulitengenezwa ili atulie. Ukili ulikuwa unasubiriwa na mtu.

Nieleze pia kilichobadilika na kisichobadilika, kwa sababu habari za kazi za mikono kwa wazee hupambwa sana. Asubuhi anakaa mezani karibu nusu saa, mahali ambapo zamani ilikuwa dakika chache. Chakula cha mchana anakula vizuri zaidi, kwa kuwa tayari yuko mezani na wenzake. Sweta hafumui kama zamani, na dawa ya kumtuliza haikuanzwa. Wakati huohuo lakini alikuwa ameanza dawa ya maumivu, na sidhani kuna anayeweza kutenganisha sehemu ya dawa na sehemu ya ukili. Kumbukumbu hazikurudi. Usiku bado anaamka. Kilio cha alasiri kimepungua siku nyingine na siku nyingine kiko palepale.

Kwa ushahidi mpana kuliko mtu mmoja, ipo tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyotungwa Uingereza: vipindi 14 vya dakika 45, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, vyenye michezo, vyakula, sauti, nyimbo, fedha, ubunifu. Aimee Spector na wenzake waliijaribu kwa watu 201, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu katika kufikiri na katika ubora wa maisha. Tiba hiyo imeshafika kwetu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa vijiji 6 uliwafikia wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi na kukuta takriban asilimia 6.4 wana demensia, watafiti walirekebisha vipindi hivyo viwafae wazee wasiojua kusoma, kisha wakavijaribu kwa watu 34. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: akili, wasiwasi na tabia vilipata nafuu. Wazee wa Hai hawakuhitaji maghala ya vifaa. Walihitaji vitu walivyovijua, kikundi, na mtu aliyefunzwa kukiongoza.

Mipaka

Kuna siku ukili ulimletea dhiki. Aliamini mnunuzi anangoja, pima hazijatimia, na giza linaingia njiani. Akasimama atoke. Mfanyakazi mmoja alitaka kumwambia mnunuzi amepiga simu, atakuja kesho. Wapo wataalamu wanaoruhusu uongo wa namna hiyo ukimwondolea mtu mateso. Mimi siupendi. Tuliviringisha ukili wote mbele yake, tukautia kapuni, tukampa akae nalo, na nikamwomba anieleze huyo mnunuzi alikuwa mtu gani. Alinieleza kwa kirefu, akiwa amekaa. Tangu siku ile kazi haiachwi mezani ikimtazama: ikifika wakati wa kuacha, inaviringishwa na kufungwa mbele ya macho yake, ionekane imekwisha kwa leo.

Sindano na mkasi huhesabiwa kabla na baada. Chane fupi hazibaki mezani, kwa sababu bibi wa Kiingereza alianza kuzitia mdomoni. Maji yakimwagika yafutwe papo hapo. Haya ni mambo madogo yanayoweza kufunga shughuli nzima yasipoangaliwa.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba nikiwa likizo kazi ilikufa. Ilikuwa imeshikwa na mtu mmoja anayejua Kiswahili. Tulitengeneza sanduku lenye rafia, taulo, picha za kila hatua, na sauti ya binti iliyorekodiwa kwenye simu akimsalimu mama na kumwomba amsaidie ukili. Mfanyakazi kutoka Ufilipino huiweka ile sauti, anaketi na ukili uliopinda, na mambo yanakwenda.

Kwa anayetunza nyumbani

Kwetu pwani mzee mwenye demensia mara nyingi ana watu tele pembeni yake, lakini kazi amenyang'anywa kwa heshima. "Pumzika mama, umeshafanya kazi ya kutosha." Tunampokonya ungo, tunampokonya ufagio, anabaki ukumbini akitazama watu wakipita, kisha tunashangaa anahangaika. Mrudishieni kitu. Mchele wa kuchambua, hata kama atauchambua uleule kila siku. Mchicha, maharage ya kumenya, kanga za kukunja. Mwanamume aliyekuwa mvuvi apewe wavu wa kushona au dema lililoanza kusukwa. Aliyecheza bao aitwe kwenye bao, na akikosea kete asisahihishwe mbele za watu. Mbuzi ya kukunia nazi ni hatari, hiyo asiachiwe peke yake. Na mjukuu akae naye akimuomba amfundishe, kwa sababu mzee anayeombwa msaada hufungua mdomo kuliko anayeulizwa maswali.

Hali ya bibi imeendelea kushuka, kama ugonjwa huu unavyokwenda. Mpango wake tunaupitia kila mwezi pamoja na binti. Kusuka tumekuondoa, maana vidole sasa vinapoteana katikati na yeye anaona vinavyopoteana. Tumembakizia kulowesha, kutenga rangi na kupima pima, na wakati wa kusuka wenzake, kiti chake hukaa katikati yao ili aendelee kusimamia.